Fahamu: Mtabibu wa Viungo Michezoni Hupimwa kwa Mizani Gani?

Watazamaji wengi humdhania mtabibu wa viungo kuwa ni yule tu akimbiliaye uwanjani na mkoba wake mchezaji aangukapo, ilhali vigezo vya kimataifa vilivyotungwa mwaka 2005, ambavyo shirikisho la wanataaluma hao ulimwenguni huvitegemea, vyataja stadi 11, zikiwemo kukinga majeraha, huduma ya dharura, kumrejesha majeruhi katika siha yake, utafiti, hata kupinga dawa haramu za kuongeza nguvu. Basi mchezaji akigongwa kichwa na kuonyesha dalili za mtikisiko wa ubongo, yampasa mtabibu asimruhusu kurejea mchezoni siku hiyo, ijapokuwa kocha ataghadhibika na mashabiki watahanikiza, kwani afya ya mchezaji ndiyo amana aliyokabidhiwa.