Wali wa Nyanya

Wazee husema, "Mchele ni mmoja, lakini mapishi ni mbalimbali." Maneno hayo twayaona kuwa kweli kila siku. Nyumba mbili zaweza kununua mchele wa namna moja katika soko moja la Kindu. Jioni, watu wa nyumba ya kwanza wanakula wali mzuri, kila punje imesimama peke yake. Watu wa nyumba ya pili wanakula kitu kama uji, na chini ya sufuria kimeungua. Mchele ni ule ule, na makaa ni yale yale. Basi tofauti imetoka wapi?

Tofauti imetoka katika kipimo. Leo tutajifunza kupika wali wa nyanya, yaani wali mwekundu wenye viungo. Mtu asiyejua kupima maji hauwezi wali huu. Lakini mtu akijua sababu ya kila kazi, hata mtoto wa darasa la tano aweza kuupika pamoja na mama yake.

1. Chakula kilichotoka mbali

Wali wa nyanya wapendwa sana katika nchi za Afrika ya Magharibi. Nchi hizo ni kama Senegali, Gambia, Ghana na Nijeria. Watu wengi wa huko huuita jolofu. Jina hilo latoka katika ufalme wa zamani wa Jolof, nchi ya kabila la Wawolofu, ambayo leo imo katika Senegali. Wasenegali hupika wali wao pamoja na samaki na mboga. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliandika chakula hicho cha Senegali katika orodha ya urithi wa watu wote wa dunia.

Kila nchi hupika kwa namna yake, na kila nchi husema kwamba wali wake ndio mtamu kuliko wote. Waghana na Wanijeria hubishana sana juu ya jambo hilo, lakini ni ubishi wa kucheka, si wa kupigana.

Tena, nyanya zenyewe si za Afrika tangu mwanzo. Nyanya, ambazo wengi wetu huziita tomati, zilitoka Amerika. Pilipili pia ilitoka huko. Wazungu walizileta upande huu wa bahari baada ya mwaka 1492. Karafuu zilitoka visiwa vya mbali vya Asia, halafu zikapandwa Unguja na Pemba. Kwa hiyo ukifunua sufuria moja ya wali wa nyanya, umefunua dunia nzima.

2. Mchele wa Maniema

Na mchele wetu ulitoka wapi? Watu wa Afrika ya Magharibi walikuwa na mpunga wao wenyewe tangu kale, karibu na mto Niger. Mpunga wetu wa Maniema ulikuja kwa njia nyingine. Ulitoka mashariki.

Katika miaka ya 1860 na 1870 wafanya biashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, walifika mto Lualaba. Walikaa Nyangwe na Kasongo. Mkubwa wao aliyejulikana sana aliitwa Hamed bin Muhammed, lakini watu walimpa jina la Tippu Tip. Wafanya biashara hao walitafuta pembe za ndovu, nao walikamata watu wakawafanya watumwa. Vijiji vingi viliharibika kwa sababu yao. Lakini walileta pia lugha ya Kiswahili, na walilima mashamba ya mpunga. Mashamba hayo yalilimwa kwa mikono ya watumwa.

Baadaye, wakati wa Wabelgiji, serikali iliwalazimisha wakulima wengi kulima mpunga na pamba. Mkulima hakuulizwa kama apenda au hapendi. Kazi hiyo ya lazima ilikwisha, lakini mpunga ulibaki. Leo watu wa Maniema hulima mpunga kwa mapenzi yao wenyewe, huula, na huuza katika nchi nyingine za Kongo.

Mpunga mwingi wa kwetu haupandwi ndani ya maji. Hupandwa katika nchi kavu, mahali msitu ulipokatwa, nao hungoja mvua. Fikirini kazi yake. Baba hukata miti. Mama hupanda na kupalilia. Watoto hufukuza ndege tangu asubuhi mpaka jioni. Halafu masuke hukatwa, hukaushwa, hupigwa, na mpunga hutwangwa katika kinu na kupepetwa. Kazi ya miezi mingi imo ndani ya sufuria moja. Mtu akiunguza wali kwa uvivu, ametupa motoni jasho la watu wa nyumba yake.

3. Vitu vya kutayarisha

Kwanza, hesabu watu. Mtu mmoja atoshewa na nusu kopo ya mchele. Watu 6 watahitaji makopo 3. Tumia kopo moja tu kwa kupima mchele, maji na nyanya, lisiwe hili kubwa na lile dogo. Kwa watu 6 tayarisha vitu hivi:

Mchele, makopo 3.
Nyanya zilizoiva, 8.
Vitunguu, 3.
Vitunguu saumu, punje 3.
Tangawizi, kipande kama kidole gumba.
Pilipili, 1 au 2.
Mafuta, vijiko vikubwa 6.
Bizari, kijiko kidogo 1, na karafuu 3.
Chumvi, vijiko vidogo 2.
Maji, makopo 4 na nusu.

Mafuta ya mawese ni mazuri, nayo huongeza rangi nyekundu. Mafuta ya karanga pia yafaa. Usipopata bizari au karafuu, usihuzunike. Kitunguu, tangawizi na pilipili vyatosha kutia harufu nzuri.

Tandaza mchele juu ya ungo, uondoe mawe na makapi. Jiwe moja dogo laweza kuvunja jino. Halafu osha mchele kwa maji safi mara mbili au tatu, mpaka maji yasiwe meupe sana. Weupe ule ni unga wa mchele. Ukiuacha, utakuwa kama gundi na punje zitashikamana.

4. Nyanya ni maji

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi hukosa.

Msichana mmoja alipika wali wa nyanya kwa mara ya kwanza. Alitia makopo 3 ya mchele na makopo 6 ya maji, kama alivyozoea kupika wali mweupe. Halafu akatia nyanya mbichi alizoziponda. Wali ukawa uji.

Akamwuliza mama yake, "Mama, nimepima maji vema. Mbona wali umeharibika?"

Mama akamjibu, "Mwanangu, umepima maji ya ndoo tu. Maji ya nyanya hukuyapima."

Mama alisema kweli. Nyanya ikigawanywa sehemu 100, sehemu 94 hivi ni maji matupu. Nyanya 8 zikipondwa hujaza karibu makopo 2. Haya, fanyeni hesabu. Makopo 6 ya maji na makopo 2 ya nyanya ni makopo 8. Mchele wa makopo 3 hauwezi kunywa yote hayo na kubaki mzima. Lazima utapasuka.

Tufanye nini, basi? Tufanye mambo mawili. Kwanza, tukaange nyanya mpaka maji yake mengi yatoke kwa mvuke. Makopo 2 yatapungua na kuwa kopo 1 hivi ya mchuzi mzito. Pili, tupunguze maji ya ndoo. Mahali pa makopo 6 tutie makopo 4 na nusu.

5. Kupika

Washa makaa katika mbabula nje ya nyumba, au mahali penye hewa nyingi. Usiwashe kamwe mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa. Hewa mbaya ya makaa haionekani wala hainuki, lakini huua watu usingizini.

Ponda nyanya pamoja na kitunguu kimoja, pilipili, vitunguu saumu na tangawizi. Vitunguu viwili vilivyobaki, vikate vipande vyembamba.

Pasha mafuta, utie vitunguu vilivyokatwa. Koroga mpaka viwe laini na rangi ya manjano. Tia karafuu na bizari, koroga kidogo tu, maana viungo vikiungua huwa vichungu. Sasa mimina nyanya zilizopondwa.

Hapa usiwe na haraka. Sikiliza sufuria, nayo itakuambia habari zake. Mwanzo, mchuzi huchemka kwa sauti nzito na kurusha matone, kwa sababu maji yangali mengi. Baadaye sauti hubadilika, mafuta huanza kulia kwa sauti nyembamba. Ukitazama, utaona mafuta mekundu yakielea pembeni. Hiyo ndiyo alama ya kwamba maji mengi yamekwisha. Kazi hii huchukua kama dakika 20. Mtu akiikatiza, wali wake utakuwa mchachu, wenye ladha ya nyanya mbichi.

Tia chumvi na makopo 4 na nusu ya maji. Yakichemka, onja. Mchuzi uwe na chumvi kuzidi kidogo, kwa sababu mchele utainywa. Ndipo utie mchele na kuugeuza mara moja, uenee vizuri.

Maji yakichemka tena, punguza moto. Toa nusu ya makaa katika mbabula. Mchuzi wa nyanya ni mzito, nao hushika chini upesi. Moto mkali utaunguza chini kabla ya juu kuiva. Funika sufuria kwa jani safi la mgomba, halafu weka kifuniko juu yake. Jani huziba nafasi, mvuke usitoroke. Mvuke ndio unaoivisha punje za juu.

Sasa acha. Usifunue kila mara, wala usikoroge. Kila ukifunua, mvuke hutoka. Kila ukikoroga, punje huvunjika na kutoa gundi. Baada ya dakika 20 hivi, maji yakiwa yamekauka, onja punje chache. Zikiwa ngumu katikati, nyunyiza maji nusu kopo, funika, ungoje tena kidogo. Watu wa pwani huweka pia makaa machache juu ya kifuniko, na kazi hiyo huiita kupalia. Joto likitoka juu na chini, wali hukauka vizuri.

Mchele mpya wa shambani hunywa maji machache kuliko mchele uliokaa ghalani muda mrefu. Kwa hiyo, wakati wa mavuno, punguza maji nusu kopo. Kuongeza maji ni rahisi, lakini maji yaliyokwisha kuzidi hayatolewi tena.

Epua, uache wali upumzike dakika 10 bila kufunua. Halafu upakue kwa mwiko polepole. Wali huu huliwa pamoja na samaki wa Lualaba, au kuku, au maharagwe. Chini ya sufuria utapata ukoko mwekundu. Usiutupe kama haukuungua, maana wengi huupenda kuliko wali wenyewe.

6. Wali usilale

Katika nyumba nyingi wali wa jioni huachwa ndani ya sufuria mpaka asubuhi, nao huitwa kiporo. Watoto hukipenda kiporo, lakini kina hatari yake. Katika mchele mna vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Moto wa kupikia hauviui vyote. Wali ukikaa saa nyingi katika joto la nchi yetu, vijidudu huzaana na kutoa sumu. Sumu hiyo huleta kutapika na kuharisha. Tena, ukiupasha wali moto asubuhi, sumu haiondoki.

Njia iliyo bora ni kupika kiasi cha watu waliopo. Ndiyo maana tulianza kwa kuhesabu watu. Wali ukibaki, utandaze katika sahani pana iliyo safi, upoe upesi, uufunike, nao uliwe siku ile ile. Pengine jirani yupo ambaye hajala. Heri umpelekee sahani moja jioni, kuliko kuwapa watoto wako ugonjwa asubuhi.

Basi, hesabu watu, pima mchele, kausha nyanya, punguza maji, punguza moto, na uwe na subira. Wazee walisema kweli: "Haraka haraka haina baraka."

Maswali

1. Jina la jolofu latoka wapi?
2. Mpunga wa Maniema uliletwa na nani, na katika miaka gani? Ni nani waliolima mashamba ya kwanza?
3. Kwa nini wali wa yule msichana ulikuwa uji?
4. Ni alama gani zinazoonyesha kwamba maji ya nyanya yamepungua?
5. Nyumba moja ina watu 10. Watahitaji makopo mangapi ya mchele?
6. Eleza kwa nini kupasha kiporo moto hakutoshi.
7. Mwulize mama au bibi yako: wakati wa mavuno yeye hupunguza maji kiasi gani? Andika jibu lake katika daftari.