Kunyoa Ndevu kwa Wembe Mmoja na Burashi

Ndevu zikiwa kavu hukataa wembe; hupinda zikiguswa na huvuta ngozi iliyozibeba, na chuma kinaposhindwa kuzikata kwa wepesi hukwaruza shavu. Lakini ndevu hizo hizo, zikikaa katika maji ya vuguvugu kwa muda wa dakika 2 au 3, huyanywa maji hayo, hufura na kulainika, hata nguvu inayotakiwa kuzikata ikapungua pakubwa. Katika jambo hili moja imo karibu nusu ya elimu ya kunyoa, nami nalitanguliza mbele ya chombo chenyewe kwa sababu wanaojifunza kutumia mashine ya chuma na burashi aghalabu huanza kwa kuuliza wembe upi ulio bora, ilhali swali linalostahili kutangulia ni la maji.

Chombo chenyewe kina tarikh yake. Katika karne ya 18 fundi wa visu wa Ufaransa, Jean-Jacques Perret, aliutia wembe mrefu wa kukunja kinga ya mbao iliyoacha nje ukingo mdogo tu wa makali, ili mtu asiye kinyozi aweze kujinyoa bila ya hofu. Nyembe za zama zile zilikuwa nene, zikidai kunolewa kila mara, mpaka King Camp Gillette, mwuzaji bidhaa msafiri wa Marekani, alipowaza wembe mwembamba wa bei ndogo, utumike maadamu ni mkali na utupwe ukiwa butu. Wajuzi wa chuma walimwambia kwamba bamba jembamba namna ile haliwezi kutiwa ugumu wa makali, naye mhandisi William Nickerson ndiye aliyeivumbua njia. Mwaka 1903 ziliuzwa mashine 51 na nyembe 168; mwaka uliofuata mashine ziliuzwa kwa makumi ya maelfu, na Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza askari wake waligawiwa mashine hizo kwa mamilioni. Wembe wa leo wenye makali pande mbili, ambao unene wake ni takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, ni uzao wa wembe ule, nao hupatikana katika maduka ya Mombasa, Tanga na Unguja kwa bei isiyolingana kabisa na ya vile vichwa vya plastiki vyenye nyembe nne au tano.

Kazi ya burashi ni kuyafikisha maji mpaka shinani mwa udevu na kuunyanyua uliolala. Burashi zenye sifa huko Ulaya hufanywa kwa manyoya ya mnyama mmoja wa jamaa ya nyegere, na nyingi za bei nafuu hufanywa kwa nywele za nguruwe, kwa hiyo Mwislamu anayechelea najisi na aulize kabla ya kununua. Siku hizi zipo za nyuzi za viwandani, laini, zinazokauka upesi, ambazo hazina shaka. Burashi ikisharoweshwa na kukung'utwa, isuguliwe juu ya sabuni kwa nusu dakika, kisha maji yaongezwe tone kwa tone huku ikizungushwa bakulini au usoni kwenyewe, mpaka povu lipate uzito wa mtindi, liwe linang'aa kwa unyevu na lisiwe na mapovu makubwa. Wanafunzi wengi hukosea kwa kuogopa maji. Sabuni ya kufulia haifai, wala ya kuogea. Povu lake hukauka kabla ya shavu moja kumalizika, ilhali sabuni ya kunyolea hupikwa kwa asidi nyingi ya steariki na haidroksaidi ya potasiamu, ndiyo maana povu lake hudumu.

Kisha huja zamu ya mkono. Mashine ya plastiki yenye kichwa kinachoyumba humstahimilia anayekandamiza. Ya chuma haimstahimilii hata kidogo. Ishikwe kwa ncha za vidole, kichwa kilazwe shavuni na mpini ushushwe polepole mpaka makali yaiguse ngozi kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, halafu uzito wa chuma chenyewe uachiwe kazi, kwa mikato mifupi ya sentimita 2 au 3. Sikio nalo lishiriki, kwani wembe ulioketi vyema husikika ukikata. Kabla ya yote hayo, uso ukiwa mkavu, mtu apapase ndevu zake ajue zimeelekea wapi, maana za shingoni aghalabu hulala upande, na kila sehemu inyolewe kwa kufuata mlalo wake. Uso ukishasuuzwa kwa maji baridi, kipande cha shabu kikipitishwa juu ya ngozi yenye majimaji huzuia vijidamu vidogo.

Kuhusu wembe wenyewe, mwaka 2020 Gianluca Roscioli na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walitangaza kwamba unywele, ulio laini kuliko chuma mara 50 hivi, huyamega makali vipande vidogo mno, hasa unapokatwa ukiwa umepinda. Basi wembe unaoanza kuvuta uondolewe siku hiyo hiyo. Wala asiazimwe mtu, hata ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kuishi katika damu iliyokauka kwa siku 7.

Yanayotuhusu zaidi sisi wenye nywele za kipilipili ni ya vipele. Udevu wetu hutoka ngozini ukiwa umejikunja, na ukishanyolewa ncha yake huwa kali. Hurudi ukaichoma ngozi, mwili ukaupokea kama mwiba mgeni, pakafura na kubaki doa jeusi. Mashine ya nyembe nyingi huzidisha dhara hili, kwani wembe wa mbele huuvuta udevu nje, wa nyuma hukata, na kisiki hurudi chini ya ngozi. Wembe mmoja hukata usawa wa ngozi, lakini faida hiyo hupotea kwa mtu anayetamani shavu la mtoto, akaivuta ngozi na kunyoa kinyume cha mlalo. Tamaa hiyo ndiyo ninayoiona kuwa adui mkubwa wa shingo zetu. Mwenye vipele tayari aweke wembe chini kwa muda wa mwezi, ndevu azipunguze kwa mkasi tu, na vikiwa na usaha au makovu yanayoinuka amwone daktari wa ngozi. Akirejea, anyoe mara moja kwa kufuata mlalo, apake povu upya akitaka kupitisha mara ya pili kwa kukingama, na aridhike na shavu ambalo kidole bado kinauhisi udevu.