Waya wa Mji na Haki ya Wenye Mji

Katika miji kadhaa ya jimbo la Colorado, huko Marekani, wakazi wamekuwa wakiwaendea madiwani wao kwa miaka mingi wakiwa na madai mawili. Dai la kwanza ni kwamba mji wenyewe ujenge na kumiliki mtandao wa intaneti ya kasi, ufike kila nyumba kama maji yafikavyo. Dai la pili ni kwamba umeme unaouzwa na mji uache kutokana na makaa ya mawe, utokane na upepo na jua. Yumkini msomaji atasema kuwa hayo ni madai ya watu walioshiba, wasiokuwa na shida nyingine. Sisi hatuoni hivyo. Twaona kwamba wakazi hao wameuliza swali ambalo kila mji, mkubwa au mdogo, hauna budi kulijibu: je, waya upitao mlangoni mwa mwananchi ni bidhaa kama bidhaa nyingine za dukani, au ni njia ya umma kama barabara?

Mji wa Longmont, wenye watu wapatao 100,000, ulikwisha kujibu nusu ya swali hilo zamani. Tangu mwaka 1912 umeme wake ni mali ya mji wenyewe. Katika miaka ya 1990 nyaya za faiba zilitandazwa kuuzunguka mji huo kwa ajili ya mawasiliano ya mitambo ya umeme, na sehemu kubwa ya uwezo wake ikabaki bila kutumika. Wakazi wakauliza kwa nini mali hiyo ilale ardhini ilhali majumbani watu wanalipa fedha nyingi kwa intaneti hafifu.

Lakini njia ilikuwa imezibwa. Mwaka 2005 bunge la jimbo lilipitisha sheria iliyozuia halmashauri za miji kutoa huduma ya namna hiyo mpaka wananchi waidhinishe kwa kura. Longmont ilipiga kura mwaka 2009, na pendekezo likaanguka mbele ya kampeni iliyogharimiwa na makampuni yenye biashara hiyo. Wakazi hawakukata tamaa. Mwaka 2011 walirudi tena kwenye masanduku ya kura. Wapinzani walitumia zaidi ya dola 300,000, lakini safari hii kiasi cha asilimia 60 ya wapiga kura walikubali. Mwaka 2013 waliidhinisha mji ukope dola milioni 45.3 kwa kuuza hati za dhamana, na ujenzi ukaanza. Waliojiunga mapema walipata kasi ya gigabiti moja kwa sekunde, kasi ambayo siku hizo makampuni makubwa ya dunia yaliionea fahari, kwa dola 49.95 kwa mwezi.

Jirani yao, Fort Collins, alifuata mwaka 2017. Huko kampeni ya kupinga ilitumia karibu dola 900,000, ambapo kamati ya wananchi waliounga mkono ilikuwa na dola elfu kumi na kitu tu. Wananchi wakashinda kwa asilimia 57. Wala hawakushinda kwa fedha. Walishinda kwa kugonga milango, kwa kuhudhuria vikao vya baraza jioni baada ya jioni, na kwa kuwaeleza majirani zao hesabu ya mambo kwa lugha nyepesi.

Msomaji atauliza kwa nini intaneti na nishati safi zitajwe kwa pumzi moja. Sababu ni ya kiufundi, na ni rahisi kuielewa. Mtambo wa makaa ya mawe huwashwa na binadamu, nao hutoa umeme kwa kadiri anayotaka. Upepo na jua havimtii mtu. Wingu likipita, umeme hupungua. Upepo ukivuma usiku, umeme huzidi mahitaji. Kuyasawazisha hayo kunahitaji mita, swichi na betri zinazopashana habari kila dakika, na habari hizo hupita katika nyaya zile zile zipelekazo masomo kwa mtoto na bei za soko kwa mfanyabiashara. Mji wa Chattanooga, katika jimbo la Tennessee, ni mfano mwema. Shirika la umeme la mji huo lilitandaza faiba, na mwaka 2010 likaanza kuuza intaneti ya gigabiti kwa wateja wake wote. Nyaya hizo hizo huziwezesha swichi zake kulitenga tawi lililoharibika na kurudisha umeme kwa wengine kabla fundi hajafika.

Katika nishati safi, Longmont na Fort Collins ni wamiliki, pamoja na miji ya Loveland na Estes Park, wa shirika moja la kuzalisha umeme liitwalo Platte River. Baada ya kushikiliwa na wakazi, bodi ya shirika hilo, ambamo meya wa kila mji ana kiti, iliweka lengo mwezi Desemba 2018 la kupata umeme wote usiotoa hewa ya ukaa ifikapo mwaka 2030. Lengo hilo lilifungwa kwa masharti ya uhakika wa huduma na uwezo wa fedha. Baadaye shirika likatangaza nia ya kukifunga kituo chake cha makaa ya mawe cha Rawhide, kilichoanza kazi mwaka 1984. Hata hivyo shirika linasema litahitaji mitambo mipya ya gesi kwa siku zisizo na upepo wala jua, na wapo wakazi waliosimama kuipinga. Hatuwezi kuwaamulia. Jambo tunalolisifu ni kwamba wanajua pa kwenda kusema, na wale wanaosikiliza wanajua kwamba wanaosema ndio waajiri wao.

Haki yatutaka tuseme na upande wa pili. Mali ya umma si dawa ya kila ugonjwa. Mji wa Provo, katika jimbo la Utah, ulikopa mamilioni ya dola kujenga mtandao wake, ukashindwa kuuendesha, na mwaka 2013 ukauuza kwa kampuni ya Google kwa dola moja tu, huku deni likiwabakia wananchi. Huko Fort Collins nako ujenzi ulichukua muda mrefu kuliko ilivyoahidiwa. Nao mji wa Boulder, usiokuwa na nyaya zake za umeme, uliamua mwaka 2011 kuzipata kutoka kwa kampuni iliyozimiliki. Ukashindana mahakamani na mezani kwa takribani miaka 10, na mwaka 2020 wapiga kura wakakubali kurudiana na kampuni ile ile. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kiongozi anayeombwa kujenga mtandao wa umma ana wajibu wa kuonyesha hesabu kabla ya kukopa, na mwananchi anayeuomba ana wajibu wa kuisoma hesabu hiyo.

Hapa kwetu Pwani hatuna udhuru wa kulitazama jambo hili kama sinema. Nyaya za kwanza za faiba zilizopita chini ya bahari kuja Kenya zilitua Mombasa mwaka 2009. Hata hivyo, katika mitaa iliyo karibu na zilikotua, wapo wazazi wanaonunua intaneti kwa vifurushi vya siku, na mtoto hungoja kifurushi ndipo asome. Umeme wetu kwa sehemu kubwa hutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo. Katika hilo tumewatangulia wengi. Shida yetu ni ufikaji wake, uhakika wake na bei yake.

Tena sheria imetupa mlango. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, imezipa kaunti kazi ya usambazaji wa umeme na gesi na ya kusimamia mambo ya nishati. Kifungu cha 196 kimeyaamuru mabunge ya kaunti kufanya kazi waziwazi na kuwashirikisha wananchi. Haya si maneno ya karatasini tu. Mwaka 2019 wakazi wa Lamu waliopinga mradi wa kituo cha makaa ya mawe walisikilizwa, na leseni ya mazingira ya mradi huo ikafutwa na mahakama maalumu ya mazingira, mojawapo ya sababu ikiwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Kukataa, basi, tumejifunza. Sasa tujifunze kudai. Kaunti inapochimba mtaro wa maji au kutengeneza barabara, wakazi waulize kwa nini bomba la nyaya za umma lisilazwe humo humo, ili mtaro usichimbwe mara mbili. Zahanati na shule zinapowekewa umeme wa jua, waulize nani atazitunza betri mwaka wa tatu, na fungu la fedha hizo liko wapi katika makadirio. Na wawakilishi wa wadi, kabla hawajatia sahihi mkataba wowote wa nyaya au nguzo, wauweke mezani wenye mji wausome.

Watu wa Longmont walishindwa mara moja wakarudi. Madiwani wao hawakuzaliwa na macho makali kuliko viongozi wetu. Waliona kwa sababu waliulizwa mpaka wakaona. Nasi twawaomba wasomaji wetu wasichoke kuuliza.