Matajiri wa Urusi walitoka wapi?

Juzi barazani, baada ya Isha, vijana walikuwa wakibishana habari za Chelsea. Mmoja akanigeukia: "Ami, huyu Abramovich aliyeinunua timu mwaka 2003, pesa alizitoa wapi? Si Warusi walikuwa wakomunisti, mali yote ya serikali?" Nikamuahidi jibu hapa.

Ni kweli. Hadi Umoja wa Kisovieti ulipovunjika Desemba 1991, visima vya mafuta, migodi na viwanda vilikuwa vya serikali. Rais Boris Yeltsin na waziri wake Anatoly Chubais walitaka kuvibinafsisha upesi, kabla wakomunisti hawajapata nafasi ya kurudi. Kuanzia Oktoba 1992 kila raia, hata mtoto mchanga, aligaiwa vocha ya rubeli 10,000 ya kununulia hisa. Ukisikia hivyo utasema ni haki tupu.

Lakini mwaka huo huo bei zilipanda zaidi ya mara ishirini. Akiba za wazee zikayeyuka. Na mwenye njaa hangoji faida ya hisa. Wengi waliuza vocha zao kwa bei ya chupa chache za pombe. Wakurugenzi wa viwanda, na vijana waliokwishafungua mabenki, wakazikusanya. Wahenga walisema, cha mlevi huliwa na mgema.

Pigo kubwa lilikuja 1995. Serikali iliishiwa, ikakopa kwa mabenki na kuweka rehani hisa za makampuni yake makubwa. Ikishindwa kulipa, benki itaiuza rehani. Haikulipa. Na ajabu ni kwamba minada ilisimamiwa na mabenki yale yale yaliyotaka kununua! Vladimir Potanin akaipata hisa ya asilimia 38 ya Norilsk Nickel kwa dola milioni 170. Mikhail Khodorkovsky akachukua Yukos. Boris Berezovsky na Abramovich wakapata asilimia 51 ya kampuni ya mafuta ya Sibneft kwa takriban dola milioni 100. Mwaka 2005 Gazprom, kampuni ya serikali, ilinunua karibu robo tatu ya Sibneft kwa dola bilioni 13. Umma uliuza kwa bei ya karanga, ukanunua kwa bei ya dhahabu.

Fadhila zililipwa. Mwaka 1996 matajiri hao walimsaidia Yeltsin kwa pesa na televisheni zao, akashinda uchaguzi. Alipokuja Putin, waliotii walibaki na mali. Khodorkovsky, aliyewafadhili wapinzani, alikamatwa 2003 akakaa gerezani miaka kumi.

Basi kijana wangu, jibu ndilo hilo. Wengi wao hawakujenga kiwanda wala kuchimba kisima. Walikuwa karibu na mlango siku mali ya umma ilipotolewa nje. Nasi tukisikia mali ya umma inauzwa, tuulize mapema: anayeuza nani, anayenunua nani, na mnada anausimamia nani?