Ile asidi ilitoka kwa nani?

Asidi ya sulfuriki haiuzwi sokoni pamoja na chumvi na mafuta. Kila mtu aliyefanya kazi Shituru anajua: asidi inatoka depo, inatoka na bon, na bon inakuwa na sahihi. Ndiyo sababu sisi wa sindika tulitega masikio juma lililopita katika musée ya Lubumbashi, ku konferansi juu ya uchunguzi wa kifo cha Patrice Lumumba na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito.

Mwalimu wa historia aliyesema hakuleta maneno ya siasa. Alileta saa, magari na makaratasi, sawa vile tunafanya sisi wakati mwenzetu amekufa ndani ya karière na tunataka kujua nani alitoa oda.

Tuwaeleze bandugu ambao hawakufika. Tarehe 17 Januari 1961, ndeke iliyotoka Moanda ilishuka Luano, na ndani wafungwa watatu waliokuwa wamepigwa vibaya. Wakapelekwa nyumba ya Mubelgiji Brouwez, hapa karibu na kiwanja. Usiku ule ule wakapandishwa magari, kilometa 50 hivi, mpaka pori la Shilatembo. Wakapigwa risasi mmoja mmoja. Askari wa Katanga ndio walipiga, lakini aliyewaongoza alikuwa ofisa Mubelgiji, Julien Gat. Tshombe na mawaziri wake wengine walikuwa pale. Komisere wa polisi Frans Verscheure, Mubelgiji vilevile, aliandika ndani ya agenda yake saa ya kifo cha Lumumba: saa tatu ya usiku na dakika 43.

«Mutu anaua, kisha anaandika na saa?» mama mmoja akauliza kwa nguvu. Watu wakacheka kidogo, kisha kimya.

Sehemu yetu sisi inakuja nyuma. Ili maiti zisionekane, polisi Mubelgiji Gerard Soete na ndugu yake wakazifukua, wakazikata, wakaziyeyusha ndani ya asidi. Ludo De Witte, Mubelgiji aliyefungua mambo haya katika kitabu chake cha mwaka 1999, anaandika kwamba asidi ilitoka Union Minière. Kwa hiyo damijani zilijazwa na mikono ya mtu. Pengine ni babu wa mmoja kati yetu, aliyejaza, akafunga, akarudi nyumbani kula bukari bila kujua kitu. Jina lake haliko popote.

Haishangazi. Komisyo ya bunge ya Ubelgiji, iliyomaliza kazi mwaka 2001, iliombwa kutafuta namna Lumumba aliuawa na kama wanasiasa wa Ubelgiji walikuwa ndani. Ikajibu kwamba mawaziri wengine wa kule walikuwa na jukumu la kimoyo. Neno zuri, jukumu la kimoyo! Hakuna anayefungwa juu yake. Mwaka uliofuata serikali yao ikaomba msamaha. Kutazama wakubwa ni vizuri, lakini uchunguzi wa kweli unapita pia ku depo, ku garage, kwa shofere.

Uongo wa kwanza nao tuliusikia tena. Tarehe 13 Februari 1961, waziri Munongo alitangaza kwamba wafungwa walitoroka na wanakijiji wakawaua, na kijiji chenyewe akakataa kukitaja. Mwezi wa Novemba komisyo ya Umoja wa Mataifa ikasema hadithi hiyo haisimami. Sisi tunaijua hadithi ya namna hiyo. Kuko kompani moja, jina tunaliacha, iliandika kwamba mwenzetu ameacha kazi, kumbe alikuwa siku nne chini ya udongo.

Muzee mmoja akasimama, baba yake alikuwa wa CONAKAT. Akasema tuache mambo haya, yatagawanya watoto wa Katanga mara ya pili. Hatukumdharau. Katika mji huu kuko familia zilizolia upande ule na upande huu, na watu wa BALUBAKAT hawakusahau nao vijiji vyao vilivyochomwa. Lakini kijana kreza akamjibu kwa heshima: «Papa, yayangu alifunikwa na udongo, hatukumuona tena. Mama bado anamutilia chakula. Tunataka tu kujua pa kulia.»

Hapo tukawaza familia za Mpolo na Okito. Lumumba alibaki na jino moja, ambalo Soete alikuwa amejichungia. Polisi ya Ubelgiji ililikamata mwaka 2016, familia ikarudishiwa tarehe 20 Juni 2022, jeneza likapita mpaka Shilatembo, likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Wale wawili hawakupata hata jino.

Watoto wa Lumumba walishitaki Brussels mwaka 2011, wakitaja Wabelgiji kumi. Karibu wote wakafa mmoja mmoja wakati makaratasi yanatembea. Mwezi wa Juni 2025 mwendesha mashitaka aliomba mmoja aliyebaki hai, mwenye miaka 92, mwanadiplomasia kijana wakati ule, apelekwe mbele ya tribinali.

Kwa hiyo tunaomba kitu kimoja. Muzee aliyefanya kazi depo ao garage mwaka ule wa 1961, ao mama ambaye marehemu bwana yake alimwachia neno, ao buku, ao bon ya zamani ndani ya sanduku, apite bureau ya sindika jioni yoyote kisha kazi. Tutaandika kwa Kiswahili, namna atasema yeye mwenyewe, na karatasi yake atarudi nayo nyumbani.