Chombo Gani Kitamfaa Nahodha Asiye na Baharia?

Wahenga walinena kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Nami nauliza: je, nahodha akiwa mmoja tu, tena hana hata baharia wa kumshikia usukani akisinzia, chombo chake huendaje? Jibu langu ni kwamba yote hutegemea chombo alichokichagua akiwa bado nchi kavu. Akishatweka tanga na pwani ikapotea machoni, nafasi ya kuchagua imekwisha.

Wasomaji wenzangu na walimu wetu wapendwa, katika makala haya ningependa kueleza jinsi ya kuchagua chombo kidogo cha tanga chenye mitumbwi zaidi ya mmoja, cha kuvukia bahari kuu mtu akiwa peke yake. Najua wapo watakaocheka na kusema, "Huyu naye! Nauli ya matatu yenyewe ni taabu, boti atainunua na nini?" Chekeni tu. Kununua ni jambo moja na kuelewa ni jambo jingine. Isitoshe, mambo haya ni Fizikia ile ile tunayofundishwa darasani, ila kule baharini ukikosea hesabu hutiwi mkasi kwa wino mwekundu. Unapoteza roho.

Vyombo vyenyewe

Anayetoka Pwani hahitaji maelezo marefu. Ameiona ngalawa: mtumbwi mwembamba wenye ndubi mbili, moja kila upande, zilizofungwa kwenye miti inayokingama juu ya mtumbwi. Ndubi hizo huuzuia mtumbwi usilale ubavu upepo unapolijaza tanga. Sasa ikuze ngalawa hiyo, uitie chumba cha kulala na jiko dogo, utakuwa umepata kitu kinachoitwa trimarani. Uondoe mtumbwi wa katikati, ubaki na mitumbwi miwili inayolingana iliyounganishwa kwa boriti, nayo hiyo ni katamarani. Jina hili lilitokana na lugha ya Kitamili ya kusini mwa India, na maana yake ni magogo yaliyofungwa pamoja. Wapolinesia nao walivuka Bahari ya Pasifiki kwa mitumbwi ya jozi karne nyingi kabla ya meli za Ulaya kufika huko. Kwa hivyo mtu asikudanganye kwamba huu ni uvumbuzi wa juzi.

Boti ya kawaida ya Kizungu ina mtumbwi mmoja na mkuku mzito wa chuma au wa risasi. Uzito ule hufanya kazi ya farumi: upepo ukiilaza boti, mkuku huivuta irudi wima. Chombo chenye mitumbwi mingi hakina farumi. Kinashikiliwa na upana wake, kama vile utingo wa matatu anavyopanua miguu ili asianguke dereva akikata kona.

Hapa ndipo penye siri kubwa ya jambo hili. Nguvu ya upana huisha mapema. Katamarani hufikia kilele cha nguvu zake pale mtumbwi mmoja unapoanza kuinuka kutoka majini, na hiyo ni pembe ndogo tu, nyuzi kumi hivi au zaidi kidogo. Kuanzia hapo nguvu hupungua. Ikisukumwa mpaka ikapinduka, hubaki vivyo hivyo, tumbo juu na mlingoti chini, na mtu mmoja hana uwezo wa kuirudisha. Lakini kwa kuwa haikubeba risasi, na ikiwa imeundwa kwa mbao au kwa povu gumu, haizami.

Usidhani natunga hadithi. Mwezi wa Juni 1989, trimarani iitwayo Rose-Noëlle ilipinduliwa na wimbi ikitoka New Zealand kuelekea Tonga. Watu wanne waliokuwamo walikaa ndani na juu ya chombo kilichopinduka kwa siku 119, wakinywa maji ya mvua na kula samaki, mpaka mkondo ukawarudisha kwenye kisiwa cha New Zealand. Wote wanne walitoka hai.

Basi, kwa ufupi, boti ya mkuku hurudi wima lakini ikijaa maji huzama. Chombo cha mitumbwi mingi hakizami kirahisi lakini hakirudi wima. Anayechagua aina hii ahakikishe kina mlango mdogo wa dharura wa kutokea kikiwa kimepinduka, na ajue kanuni moja: usikiache chombo chako maadamu kinaelea.

Udogo una gharama yake

Wengi wanaosafiri peke yao hutaka chombo kidogo, na wana sababu. Tanga dogo hupandishwa kwa mkono, nanga ndogo huvutwa bila mashine, na bei yake yakaribika. Lakini tufanye hesabu. Chukua katamarani ya mita 6, na nyingine ya umbo lile lile yenye urefu wa mita 12. Kila kipimo cha ile kubwa ni mara 2. Uzito wake basi ni mara 8, na ukizidisha kwa upana ulio mara 2, nguvu yake ya kusimama imara ni mara 16. Upande wa upepo, eneo la tanga ni mara 4 na kimo chake ni mara 2, kwa hivyo nguvu ya kuipindua ni mara 8. Ukigawanya 16 kwa 8 unapata 2. Yaani chini ya upepo mmoja, ile kubwa ina uimara mara mbili ya ile ndogo.

Kumbuka pia kwamba nguvu ya upepo haiongezeki sawa na mwendo wake. Upepo ukitoka maili 10 kwa saa ukafika 20, msukumo wake huwa mara 4. Kwa sababu hiyo chombo kidogo cha safari hakifai kuwa na mlingoti mrefu kama cha mashindano. Ukiona mtu anakuuzia boti ndogo yenye tanga la kutisha, na sifa yake ya kwanza ni "hii inakimbia kama umeme," mshukuru kwa heshima uende zako.

Mzigo ndio mtihani

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote. Kutoka Visiwa vya Canary hadi Karibi ni takriban maili 2,700 za baharini. Chombo kidogo kikienda maili 110 kwa siku, hiyo ni safari ya siku 25 hivi. Mtu anahitaji kama lita 3 za maji kwa siku, kwa hivyo lita 75, na ukiongeza nusu ya akiba ni kama lita 112, yaani kilo 112. Chakula ni kilo moja na nusu kwa siku, nacho pamoja na akiba yake ni kilo 56. Nahodha mwenyewe, tuseme kilo 70. Nanga, minyororo na kamba, kilo 50. Betri, vifaa vya sola, zana, nguo, dawa na mtumbwi wa mpira wa kuokolea, kilo 100. Jumla ni kilo 388.

Archimedes alitufundisha kwamba kila kilo lazima isukume maji kando. Ikiwa eneo la mitumbwi yote miwili pale inapokata maji ni mita 5 za mraba, basi kila kilo 50 hivi zitaizamisha kwa sentimita moja. Kilo zetu 388 ni karibu sentimita 8. Unaona ni kidogo? Kwa chombo chepesi si kidogo hata! Sakafu iliyo kati ya mitumbwi inakaribia maji, mawimbi yanaanza kuigonga kutoka chini usiku kucha, omo haziinuki tena haraka, na boriti zinabeba uzito ambao mbunifu hakuukusudia. Katamarani iliyozidishiwa mzigo hupoteza mwendo wake na usalama wake kwa pamoja.

Kwa hivyo swali la kwanza la kumwuliza muuzaji si "inakwenda kasi gani?" Muulize, "Mbunifu aliiruhusu ibebe kilo ngapi?" Akijiumauma, tafuta karatasi za mbunifu mwenyewe.

Katamarani au trimarani?

Kwa mzigo, katamarani inashinda. Ina mitumbwi miwili ya kuweka vitu, na unaweza kugawa uzito pande zote. Trimarani huweka karibu kila kitu katika mtumbwi wa katikati, ambao ni mwembamba, na vielea vyake vya kando havitakiwi kubebeshwa mizigo. Lakini trimarani huwa hodari zaidi wa kubisha, yaani kwenda upande upepo unakotoka, nayo humpa nahodha onyo la mapema: kielea cha upande wa demani kikianza kuzama, ujue umefika wakati wa kupunguza tanga. Katamarani haisemi sana. Inakwenda imenyooka tu, kikombe cha chai hakimwagiki, hadi siku mambo yanapoharibika. Kwa mtu pekee anayekwenda mbali na mizigo yake, mimi ningechagua katamarani yenye tanga fupi.

Vyote viwili vina fadhila moja tunayoijua Pwani: maji yakipwa, chombo husimama chenyewe juu ya mchanga, ukakikagua na kukirekebisha bila kulipia gati. Na ukikagua, anza na maungio ya boriti. Hapo ndipo mawimbi hupindapinda kila sekunde. Mwingereza James Wharram, aliyefariki mwaka 2021, alivuka Atlantiki katika miaka ya 1950 pamoja na wanawake wawili Wajerumani kwa katamarani ya mita 7 hivi aliyoiunda mwenyewe. Michoro yake mingi iliyofuata ilifunga boriti kwa kamba, kama Wapolinesia na kama mafundi wetu wa ngalawa, kwa sababu kamba hulegea kidogo mahali ambapo bolti ingepasua mbao.

Mikono miwili tu

Kidole kimoja hakivunji chawa, nayo mikono miwili haiwezi kushika usukani, kupunguza tanga na kupika uji kwa wakati mmoja. Lazima chombo kijiendeshe. Kuna kibao cha upepo kinachogeuza usukani bila umeme, ambacho ni kizuri sana kwa chombo cha mwendo wa pole. Lakini chombo chepesi kikiongeza kasi ghafla, upepo kinaousikia hubadilika upande na kibao huchanganyikiwa. Ndiyo maana wengi huongeza mtambo wa umeme unaofuata dira, na huo unadai sola na betri, yaani kilo nyingine.

Kamba zote za kupunguzia tanga zifike pale nahodha anapoketi. Parachuti ya baharini nayo iwe tayari: hutoswa kutoka omoni kwa kamba ndefu ili dhoruba ikute omo badala ya ubavu. Mkanda wa kujifungia chomboni nao si mapambo. Ukianguka majini ukiwa peke yako, chombo kitaendelea na safari yake vizuri kabisa bila wewe.

Waliotangulia

Historia inathibitisha haya. Mwaka 1978 mbio za Route du Rhum za mabaharia wapweke zilifanyika kwa mara ya kwanza, kutoka Saint-Malo, Ufaransa, hadi Guadeloupe. Mkanada Mike Birch, kwa trimarani ya mita 11 na nusu, alimshinda Michel Malinovsky wa boti ya mkuku ya mita 21 kwa sekunde 98 tu baada ya siku 23. Katika mbio hizo hizo, Alain Colas, bingwa aliyekuwa na trimarani kubwa zaidi iitwayo Manureva, alitoweka na hajaonekana hadi leo. Hata Mmarekani Arthur Piver, aliyebuni trimarani nyingi na kuvuka Atlantiki kwa mojawapo mwaka 1960, alipotea akiwa peke yake kwenye pwani ya California mwaka 1968. Kwa upande mwingine, Mwingereza Rory McDougall aliizunguka dunia kati ya 1991 na 1997 kwa katamarani ya Wharram ya mita 6.4, mara peke yake, mara na mwenzake. Haraka hakuwa nayo.

Kwa kumalizia, nawaachia maswali manne ya kumwuliza muuzaji. Kinabeba kilo ngapi? Naweza kupunguza tanga peke yangu, usiku, mvua ikinyesha? Kikipinduka, nitatokea wapi? Boriti zimefungwaje, na mara ya mwisho zilikaguliwa lini? Jibu la kasi litakuja lenyewe.

Na wewe usiyeota kununua boti maishani, swali la kwanza linakuhusu pia. Feri ilipopinduka Mtongwe tarehe 29 Aprili 1994 ikiwa imejaa kupita kiasi, zaidi ya watu 250 walifariki karibu kabisa na nchi kavu. Siku utakapopanda mashua, iwe ya kwenda kisiwani Pwani au ya Ziwa Victoria, tazama kwanza imezama kiasi gani, kisha uhesabu watu ambao bado wanapanda. Ukiona maji yamekaribia ukingo, shuka, hata wakikuita mwoga. Ile nauli utaipata tena.