Je, Wajua? Tajiri Mmoja, Metro ya Paris na Reli ya Maniema

Je, wajua kwamba reli ya Maniema, nchini Kongo, na treni ya chini ya ardhi ya Paris ziliendeshwa na kampuni za tajiri mmoja? Ni Mbelgiji Édouard Empain.

• Kampuni yake ndiyo iliyoendesha metro ya Paris, iliyofunguliwa tarehe 19 Julai 1900. Milango ya stesheni ilibuniwa na msanifu Hector Guimard: nguzo za chuma cha kijani zilizojipinda kama mashina ya mimea, na juu yake taa za rangi ya chungwa.

• Mwaka 1902 Empain aliunda CFL, kampuni ya reli ya Kongo ya Juu. Kipande chake kinachopita Maniema, Kindu–Kongolo, kilomita 355, kilikamilika 1911 ili kukwepa maporomoko ya mto Lualaba yaliyozuia meli.

• Reli hiyo hupita magharibi mwa mto, kupitia Kibombo na Samba. Anayetoka Kasongo au Kabambare sharti avuke Lualaba kwanza ndipo apande treni.

• Ukifika Paris, shuka stesheni ya Porte Dauphine: paa la kioo la Guimard bado lipo mahali pake.